Kupiga picha harusi ya Jumamosi Dar es Salaam: kutoka saluni hadi zawadi

Ratiba ya harusi hupangwa kwenye vikao vya kamati. Humo kuna mtu wa chakula, mtu wa ukumbi, mtu wa magari na mtu wa vinywaji. Mtu wa mwanga hayupo. Ndiyo maana utapewa karatasi inayosema ibada saa 9 alasiri, picha za nje saa 11, ukumbini saa 12 na nusu, na hakuna aliyejiuliza foleni itakuwaje wala jua litazama saa ngapi. Ukiifuata ratiba hiyo kama ilivyo, picha za nje utazipiga gizani na lawama zitakuwa zako.

Maelezo haya ni ya harusi ya kawaida ya Dar: maandalizi asubuhi, kanisani mchana, picha za nje jioni, ukumbini usiku. Nikahi ina mambo yake, yako mbele kidogo.

Anza na jua, kisha hesabu kurudi nyuma

Dar jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi. Mei na Juni linawahi, Februari linachelewa. Huku kwetu karibu na ikweta giza halibembelezi: jua likishazama una kama dakika 20 za mwanga wa kutumika, basi. Kwa hiyo picha za nje zipewe dakika 45 zinazoishia pale jua linapozama.

Chukua harusi ya Juni, jua linazama saa 12:15. Maharusi wawe wamesimama mahali pa picha saa 11:30. Kutoka kanisa la katikati ya mji hadi Coco Beach siku ya Jumamosi, kwa msafara wenye matarumbeta unaotembea polepole, weka saa nzima. Maana yake gari liondoke kanisani saa 10:30. Picha za familia mlangoni zinakula nusu saa, hivyo ibada iishe saa 10. Misa ya ndoa yenye mahubiri marefu huchukua hadi saa mbili, basi ianze saa 8 kamili. Bibi harusi aingie kwenye gari saa 7, gauni livaliwe kuanzia saa 6, na meikapu iwe imekwisha kabla ya hapo. Meikapu na nywele pamoja ni saa tatu, wakati mwingine nne. Saluni ifunguliwe saa 2 asubuhi.

Hesabu hii iandike kwenye ujumbe mmoja mfupi, umtumie mwenyekiti wa kamati, MC na msimamizi wa kike wiki mbili kabla. Usiwaambie unataka mwanga mzuri, hilo haliwahusu. Waambie: "Tukitoka kanisani baada ya saa 10:45, picha za ufukweni hazitakuwepo." Hapo utaona watu wanaanza kupigiana simu.

Watu wengi pia huomba picha ya jua linalozama baharini. Dar haipo. Bahari iko mashariki, jua linazama nyuma ya nyumba za Oysterbay. Anayeitaka kweli aende upande wa magharibi wa Unguja, mathalani Forodhani. Ila pwani ya Dar jioni ina faida yake: ukiwasimamisha maharusi wakiwa wameipa bahari mgongo, jua la chini linawapiga usoni likiwa limepoa, na maji nyuma yao yanabaki na rangi yake.

Hela kabla ya kamati kuvunjwa

Nusu ulipwe siku ya kushika tarehe, nusu iliyobaki wiki moja kabla ya harusi. Mweka hazina atakuambia utamaliziwa baada ya sherehe. Kataa kwa adabu. Baada ya sherehe michango imekwisha, kamati inavunjwa, na kila mtu atakuelekeza kwa mwenzake. Wa mwisho kuulizwa ni bwana harusi mwenyewe, ambaye hakuwahi kuishika hiyo fedha. Kwenye mkataba andika saa za kazi, idadi ya wapiga picha, idadi ya chini ya picha, siku za kukabidhi, na sahani mbili za chakula. Sahani zisipoandikwa, saa 4 usiku mtu wa msosi atakudai kadi.

Begi

Kamera mbili, si moja na ya kuazima. Zote ziwe na nafasi mbili za memori kadi, na kila picha iandikwe kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Lenzi ya milimita 24–70 yenye f/2.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi; ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia) itafanya theluthi mbili ya kazi, 70–200 ni ya kanisani na hotuba, na 35 au 85 ya f/1.8 ni ya vyumba vyenye giza. Flashi tatu, stendi mbili, triga zake (vifaa vya kuziwasha kutoka kwenye kamera), betri za kuchaji za AA 16, betri za kamera angalau nne, kadi nne za GB 64. Faili moja ya RAW (picha ghafi isiyobanwa na kamera) ya kamera ya megapikseli 24 ni kama MB 25 hadi 30, hivyo kadi moja inabeba picha 2,000 hivi. Weka pia pini, uzi na sindano, tishu, na kitambaa cha kufutia lenzi. Pini utaombwa, hilo halina mjadala.

Usiku wa kuamkia harusi linganisha saa za kamera zote, pamoja na ya msaidizi wako, hadi sekunde. Kamera mbili zikipishana dakika saba, kompyuta itapanga pete kabla ya viapo, na utakuja kuzinyoosha picha 2,500 kwa mkono.

Saluni na chumba cha hoteli

Tatizo la kwanza Dar ni ukungu kwenye lenzi. Kamera ikikaa kwenye kiyoyozi cha nyuzi 20 halafu ukaitoa kwenye joto na unyevu wa nje, matone ya maji yanatanda juu ya kioo na wakati mwingine ndani. Ukifuta yanarudi. Dawa ni kuifungia ndani ya begi kabla ya kutoka, zipu imefungwa, na kuiacha humo dakika 20 hadi 30 ipate joto polepole. Kama gari linaondoka sasa hivi, kamera ya pili iwe imekaa nje ya chumba tangu mwanzo.

Tatizo la pili ni poda. Kuna poda laini za kumalizia meikapu ambazo kwa macho hazionekani, lakini flashi ikipiga zinarudisha mwanga na uso unatoka na mabaka meupe chini ya macho na kwenye pua. Piga picha moja ya flashi bibi harusi akiwa bado kitini, mwonyeshe mpambaji. Akiwa bado na brashi mkononi atarekebisha kwa dakika mbili. Kanisani huna mpambaji.

Picha za kuvaa zipigwe karibu na dirisha, taa za dari zimezimwa. Bibi harusi akae pembeni mwa dirisha, sura ikielekea mwanga kwa mshazari. Kabla ya kuanza, toa mifuko ya plastiki, chaja na sahani za chipsi zilizobaki kitandani. Pete, viatu, manukato na kadi ya mwaliko vipige dakika kumi za mwanzo, wakati yeye bado anasukwa.

Kanisani

Onana na padri au mchungaji kabla, hata kwa dakika tano. Muulize mambo matatu: usimame wapi, flashi iruhusiwe lini, na kama wageni wataambiwa wakae na simu zao. Kwa Wakatoliki kaa mbali na altare, na wakati wa mageuzo, padri anapogeuza mkate na divai, shusha kamera kabisa. Kuna parokia zinazofungisha ndoa kadhaa kwenye misa moja. Hapo kuna wapiga picha wengi kama ninyi, na jambo la maana ni kujua watu wako ni wa ngapi kwenye mstari na wamesimama upande gani. Elewaneni na wenzako mapema nani anasogea lini, la sivyo kila picha ya pete itakuwa na kiwiko cha mtu.

Matukio yasiyorudiwa ni machache: kuingia, baba kumkabidhi binti, viapo, pete, kufunua shela, kusaini cheti, kutoka. Kwa viapo simama upande wa bwana harusi ili umwone bibi harusi usoni, kisha vuka nyuma wakati pete zinabarikiwa. Msaidizi akae upande wa pili. Pete isipoingia vizuri, usiache kupiga. Kicheko cha hapo ni picha bora kuliko pete yenyewe.

Sasa mwanga wa sura. Hapa ndipo harusi nyingi zinaharibika. Kamera inadhani kila kitu mbele yake kina wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaa nusu ya picha, inadhani pamezidi mwanga, inapunguza, na sura za watu weusi zinazama. Suti nyeusi ikijaa, inaongeza, na sura zinapauka. Ukiwa kwenye modi ya kamera kujiamulia, ongeza mwanga +0.7 hadi +1 kwa gauni, punguza −0.7 kwa suti. Bora zaidi weka mwenyewe: pima kwenye sura ya bibi harusi mahali atakaposimama, funga mpangilio huo, kisha washa alama ya onyo la sehemu zilizoungua, yaani zilizozidi mwanga, ambazo humeremeta kwenye skrini ya kamera. Ncha za lesi zikimeremeta kidogo si neno, RAW itazirudisha. Kifua chote cha gauni kikimeremeta, punguza.

Mwanzo mzuri kwenye kanisa lenye madirisha ni ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/2.8, shata 1/160 (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde). Taa za LED ni habari nyingine. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/250 utaona michirizi ya giza ikikata picha. Shuka hadi 1/100 au 1/50 na michirizi inaondoka. Pima hili kanisa likiwa tupu.

Nikahi

Mara nyingi bwana harusi anaozeshwa msikitini au nyumbani kwa bibi harusi, na bibi harusi hayupo mbele yake. Picha kuu ni mkono wa walii, anayemwozesha bibi harusi, ukiwa umeshika mkono wa bwana harusi. Kaa chini, usawa wa mikono hiyo, kabla khutba haijaanza, maana ijabu na kabuli, tamko la kuozesha na la kukubali, ni sentensi mbili tu na zikishapita hakuna anayerudia. Vua viatu, punguza mlio wa kamera, usipite mbele ya wanaoswali. Baadaye bwana harusi anapelekwa kwa mkewe kumpa mkono; chumba huwa kidogo na kimejaa shangazi wote, kwa hiyo ingia na lenzi ya 24 au 35 na uingie kabla yake.

Kwenye sherehe za wanawake peke yao mpiga picha awe mwanamke, na anayesafisha picha awe mwanamke pia. Waulize kwa maandishi nani atakabidhiwa faili. Picha za hapo haziwekwi popote mtandaoni, hata ya keki ikiwa nyuma yake kuna mtu hajajifunika.

Picha za familia

Dakika 30, makundi 12, hakuna zaidi. Orodha ipatikane kabla, na kila upande utoe mtu mmoja anayewajua ndugu kwa sura na mwenye sauti. Wewe huwezi kujua mama mdogo wa Moshi ni yupi. Anza na wazee, kwa kuwa wamechoka na wanahitaji kukaa, kisha wazazi, ndugu, wasimamizi, kwaya, wafanyakazi wenza.

Tafuta kivuli chenye uwazi mbele. Jua la mchana la Dar, hasa mwanzoni mwa Machi na Oktoba, liko utosini kabisa; macho yanageuka mashimo meusi na paji la uso linang'aa. Kama hakuna kivuli, wape jua mgongo na tumia flashi. Kwa safu moja f/4 inatosha, safu tatu nenda f/8 na ulenge safu ya mbele au ya kati, si ya nyuma. Piga tano tano kwa kila kundi, mtu mmoja lazima afumbe macho.

Namna ya kuwapanga ina adabu yake. Mzee haambiwi "sogea". Ni "Shikamoo baba, naomba uje huku karibu na mwanao," na mkono wako unaelekeza bila kumgusa. Kwa vijana unaweza kupaza sauti. Ukimkosea mama wa bwana harusi hapa, usiku mzima atakukunjia uso kwenye picha.

Nje

Wapi pa kwenda chagua siku tatu kabla, saa ileile ya jioni, uone mwanga unaangukia wapi na nani anakusanya pesa za kiingilio. Epuka majengo ya serikali na ya jeshi. Droni iwe imesajiliwa na ina kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bila hivyo iache nyumbani.

Maharusi wapewe kitu cha kufanya. Ukisema "tabasamuni" utapata meno. Waambie watembee kuja kwako huku wakisimuliana nani alilia kanisani, na upige kwa 1/500. Jua likishazama, ISO 800, f/2, flashi moja pembeni kwa nguvu ndogo ya 1/32, na anga nyuma litabaki la buluu kwa zile dakika chache.

Ukumbini

Fika kabla ya maharusi, piga mapambo na keki wageni hawajaanza kuweka mikoba juu ya meza. Kisha tafuta watu wanne: MC, DJ, mpiga video na mtu wa taa. MC akupe ishara ya mkono kabla ya kutangaza keki na shampeni. Kwa mpiga video kubalianeni nani anasimama katikati na nani pembeni. Akiwa na taa ya kuwaka muda wote, itumie, usishindane nayo.

Wa taa ndiye muhimu zaidi. Zambarau na buluu vinapendeza kwa macho, ila kwenye ngozi haviondoki kwa programu yoyote, maana sura iliyomulikwa kwa buluu tupu haina rangi nyingine ya kurudisha. Nenda umwambie: "Kaka, naomba nyeupe kwenye kuingia na kwenye keki tu, dakika kumi kumi. Zinazobaki cheza unavyotaka." Wengi wanakubali, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba vizuri.

Usigeuzie flashi darini bila kutazama juu. Kumbi nyingi zina vitambaa vya rangi, na kitambaa cha pinki kinarudisha mwanga wa pinki. Weka flashi mbili kwenye stendi za mita 2.5, pembe mbili za uwanja wa kucheza, nguvu 1/8, ISO 1600, f/3.5, shata 1/100. Funga kila stendi na kilo tano za mchanga, maana watoto watakimbia hapo. Mashine ya moshi ikiwashwa, zima flashi ya kwenye kamera mara moja. Moshi unageuka ukuta mweupe. Tumia ile iliyo pembeni au nyuma ya maharusi, moshi utang'aa vizuri na sura zitaonekana.

Kulishana keki kunakwisha haraka. Simama umbali wa mita mbili, usawa wa midomo yao, na upige mikono ikiwa njiani. Ikishafika mdomoni sura inaharibika. Kwa shampeni kaa pembeni, si mbele ya kizibo. Kwenye harusi ya Wachaga ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, anaingia akichezewa: tangulia mlangoni, inama, mpige kwa mbele wachezaji wakiwa nyuma yake.

Zawadi ndizo zinazochosha. Foleni ya kucheza na kutoa inaweza kufika saa nzima, na usipokuwa makini utarudi na picha 600 za mabeseni na mablanketi. Kila kundi likifika mbele, piga picha moja ya wote na maharusi, mbili za sura, ondoka. Badilisha betri za flashi wakati wa chakula, kabla hazijaanza kuchelewa kuchaji. Umeme ukikatika usikimbilie kiti: jenereta likiwaka, taa hupepesa zaidi ya kawaida, pima shata upya.

Baada ya hapo

Usiku huohuo kabla ya kulala nakili kadi kwenye diski mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine. Chuja 2,500 hadi 500. Kwenye kusafisha, toa jasho na chunusi ya siku ile, acha alama za mtu alizozaliwa nazo, na usimweupishe mtu. Ni ugonjwa wa studio nyingi mjini. Mama anaangalia albamu na kuuliza huyu mtoto wa nani.

Picha 20 zitume ndani ya siku tatu, zitatosheleza kundi la WhatsApp la familia na kukupa utulivu wa wiki tano au sita za kazi kamili. Ukitaka kuziweka kwenye ukurasa wako wa biashara omba ridhaa ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata sura za watu. Kabidhi kwa flashi disk na kwa kiungo cha kupakua, na memori kadi usizifute hadi maharusi wenyewe, si kamati, wakuandikie kwamba wamezifungua zote na zinafunguka.